Kijana anayeshtuka mlango wa darasa ukigongwa

Mama, nimesoma kuhusu kijana wako wa miaka 12: tangu vita vya Januari 2025 hapa Goma halali vizuri, mlango wa darasa ukigongwa anaingia chini ya dawati, na mwalimu anamwita mvivu. Pole sana. Huo si uvivu, ni woga ambao haujamtoka mwilini.

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi. Nenda mwenyewe kwa direkta, umweleze mtoto aliyoyapitia. Omba akae mahali anapouona mlango, na aruhusiwe kutoka kupumua bila kuulizwa mbele ya wenzake. Fimbo wasimguse nayo kabisa. Mimi nilikuwa nawaambia watoto mapema, "Sasa nafunga dirisha." Jambo dogo, lakini mabega yao yalishuka.

Nyumbani usimlazimishe kusimulia. Akianza mwenyewe, sikiliza. Shule asiiache, hata kama ni nusu siku.

Isipobadilika kwa wiki chache, mpeleke Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili hapa mjini. Maombi yaendelee, ila yasichukue nafasi ya muganga wa kituo hicho. Akitaja kufa, mpeleke siku hiyohiyo, na usimwache peke yake hata kidogo.