Kumuaga mbwa mzee: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinahusu mbwa waliozeeka, na nyingine zimeandikwa kwa uchungu mkubwa. Nimezisoma zote. Hizi ndizo nilizoona zitawafaa na wengine.

Shikamoo daktari. Simba wetu ana miaka 13. Miguu ya nyuma imelegea na usiku analialia, ila chakula bado anakula. Mume wangu anasema tungoje afe mwenyewe. Nitajuaje kwamba wakati umefika? (Mama Wawili, Morogoro)

Marahaba mama, na pole. Miaka 13 ni umri mkubwa. Mbwa wa maumbile makubwa kama Great Dane wengi hawavuki hata 10.

Kabla ya yote, apimwe. Mengi tunayoyaita uzee ni maradhi yanayotibika: jino lililooza, homa ya kupe, maumivu ya viungo. Nenda naye hospitali ya wanyama pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, hamko mbali. Kama wakikwambia hakuna zaidi cha kufanya, basi mwangalie asubuhi anapoinuka. Miguu ya mbele inakanyaga, ya nyuma inaburuzwa mpaka kucha zinasagika na kutoa damu. Je, anajikojolea pale pale alipolala? Nzi wanamkalia mgongoni naye hana nguvu za kuwafukuza? Kula peke yake si kipimo, maana wapo mbwa wanaokula huku wanaumia kila hatua.

Daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga kipimo ninachokitumia na familia nyingi. Kina mambo saba: maumivu, hamu ya kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo lipe alama kuanzia 0, hali mbaya kabisa, hadi 10, hali nzuri. Jumla ikizidi 35, bado anaweza kuendelea kutunzwa. Wewe toa alama zako na baba atoe zake kando, halafu mlinganishe. Mara nyingi anayemsafisha mbwa na anayerudi jioni hawaoni mbwa yule yule.

Kuhusu kufa mwenyewe, mwambie baba hivi: mbwa mwenye figo zilizochoka au saratani ni nadra kulala tu asiamke. Hutapika, hukauka maji, huhangaika siku kadhaa, na kwa kawaida hufikia kilele usiku wa manane wakati hakuna daktari wa kumwita. Mimi huwashauri watu wasisubiri siku hiyo. Kumwahi kwa wiki moja ni afadhali kuliko kumchelewesha kwa siku moja.

Hiyo sindano ya kumaliza maisha ya mbwa inafanyaje kazi? Ataumia? Na ni lazima niwepo? (Msomaji, Ongata Rongai)

Daktari makini humchoma kwanza dawa ya kutuliza, na baada ya dakika chache mbwa analegea na kusinzia. Kisha hunyolewa manyoya kidogo mguu wa mbele, sindano ikaingizwa kwenye mshipa. Dawa inayotumika sana ni pentobarbital, ambayo ni dawa ya usingizi iliyotolewa kwa kipimo kikubwa. Ubongo hutangulia kuzimika, halafu pumzi, halafu moyo. Mara nyingi yote huisha ndani ya dakika moja au mbili. Kinachouma ni ule mchomo wa kwanza tu, sawa na wa chanjo.

Nakutahadharisha mapema usije ukashtuka. Macho hubaki wazi. Anaweza kuvuta pumzi moja au mbili kwa nguvu, misuli ikatikisika, mkojo ukatoka. Hapo hajui lolote tena.

Si lazima uwepo, ila ukiweza, kaa naye. Mbwa aliye mikononi mwa wageni hunusa huku na huku akimtafuta mwenyewe. Shika kichwa chake, zungumza naye kama mlivyozoea. Uliza kama daktari anaweza kuja nyumbani, na lipa kabla, usije ukasimama unahesabu noti na machozi yanakutoka. Kwa Nairobi, unaweza kuuliza kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu pale Kabete, au KSPCA, chama cha kutetea na kutunza wanyama.

Jirani anasema nimtilie mbwa wangu mzee sumu kwenye nyama, eti gharama ya daktari ni hasara tu. Kwa sasa nampa diclofenac yangu ya mgongo. (Msomaji, Dodoma)

Ndugu yangu, yote mawili acha leo. Sumu nyingi za wadudu humfanya mbwa abubujikwe mate, atapike, misuli ikakamae na adegedege huku akiwa na fahamu zake. Hicho ndicho kifo unachotaka kumpa aliyekulinda miaka yote? Na Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Nenda kwa afisa mifugo wa kata, mweleze uwezo wako, msikilizane.

Diclofenac na ibuprofen hutoboa vidonda tumboni mwa mbwa na kuua figo. Daktari wa mifugo ana dawa za maumivu zilizopimwa kwa ajili ya mbwa.

Mbwa wetu mzee amebadilika ghafla tangu juzi. Sauti imekauka, anadondosha udenda, na jana amemuuma mjukuu. Tummalize? (Babu, Singida)

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nilikujibu kwa simu saa ile ile, naiweka hapa kwa ajili ya wengine. Huu msiuite uzee, uchukulieni kuwa ni kichaa cha mbwa hadi ithibitike vinginevyo. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona hakupo. Mbwa afungiwe, asiguswe, afisa mifugo aitwe. Msimpige kichwani, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa maabara.

Mimi ni Mwislamu, nina shamba Muheza. Mbwa wangu wa ulinzi amekufa kwa uzee nami nikalia. Wenzangu wananicheka. Nimekosea? (Msomaji, Tanga)

Pole sana, kaka. Hukumu za dini muulize sheikh wako, ila kuna mambo unayoyajua tangu madrasa. Kuosha mara saba chombo alicholamba mbwa, moja kwa udongo, ni suala la twahara. Halikuondoa huruma moyoni. Mbwa wa shamba, mifugo na mawindo ametajwa kwa ruhusa kwenye hadithi. Na yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake cha ngozi, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu alimsamehe. Wanaokucheka wanaijua hadithi hiyo. Wakumbushe.

Binti yangu ana miaka sita. Nimwambie mbwa ametoroka? (Msomaji, Kisumu)

Usimwambie hivyo, dada. Atamngoja getini kila jioni. Usimwambie pia kwamba amelala, ataogopa kitanda chake. Sema: "Tomi alizeeka, mwili ukachoka, amekufa, na hatarudi." Mwache aulize, hata akirudia swali lile lile wiki nzima. Akitaka kutupia udongo kaburini, mruhusu.

Na kaburi lenyewe liwe refu, mita moja au zaidi, mbali na kisima. Kama alichomwa pentobarbital hili ni muhimu zaidi: dawa hubaki kwenye nyama, na mbwa au tai akifukua na kula naye hufa.

Tangu Chui afe, mwenzake Popi hali na analala pale pale mlangoni. Nilete mtoto wa mbwa? (Msomaji, Mwanza)

Ngoja kwanza. Mbwa waliokaa pamoja hutafutana, na wengi hurudia hali yao baada ya majuma machache. Mtembeze saa zile zile, mpe chakula saa zile zile, usimwondolee tandiko la Chui kwa sasa. Asipokula kabisa siku mbili, mpeleke akapimwe, huenda naye anaumwa. Mtoto wa mbwa mlete pale wewe mwenyewe utakapomtaka. Ila kama Chui alikufa kwa parvo, ugonjwa wa kuambukiza wa mbwa, subiri zaidi ya hapo na mtoto akamilishe chanjo kwanza, kwani kirusi hicho hukaa kwenye udongo wa uani kwa miezi mingi.