Tambi zinarudi jikoni

SWALI: Tuna mgahawa mdogo wa vyakula vya Kiitaliano hapa Tabora mjini. Wateja wanarudisha tambi za nyama ya kusaga: zimegandana, na chini ya sahani kuna maji mekundu. Tunakosea wapi?

JIBU: Poleni. Anzeni na sufuria kubwa. Gramu 100 za tambi zinataka lita 1 ya maji na gramu 10 za chumvi. Zitieni maji yakiwa yanatokota, mkoroge dakika 2 za mwanzo, maana hapo ndipo wanga unapozigandisha. Mafuta msitie kabisa, sosi itateleza. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96, kwa hiyo dakika za kwenye pakiti hazitoshi. Ng'ateni moja: katikati pabaki kiini cheupe, chembamba kama sindano.

Maji mekundu yanatokana na kumwaga sosi juu ya tambi sahanini. Ziopoeni zikiwa ngumu kidogo, zimalizieni ndani ya sosi kwenye kikaango, pamoja na nusu upawa wa maji yaliyozichemsha. Geuzeni kwa moto mkali dakika 1 hadi sosi izishike, kisha mteja apelekewe papo hapo.