Usikubali kukatiwa masega

SWALI: Nina Toyota Prius ya 2011, gari la haibridi (petroli na umeme), niliinunua nipunguze mafuta na moshi. Taa ya injini imewaka na mashine ya kupimia imesoma kodi ya hitilafu P0420. Fundi wangu hapa Ngamiani anasema masega (mtungi wa kusafisha moshi ulio kwenye bomba la moshi) yameziba, ayakate aweke bomba tupu. Hataki hela, atachukua masega tu. Nimruhusu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Usimruhusu. Hapo pa "hataki hela" ndipo pangekushtua. Ndani ya mtungi ule mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na masega ya Prius hutafutwa sana. Anajilipa kwa mali yako.

P0420 haisemi masega yameziba. Inasema yanasafisha moshi chini ya kiwango. Yakiziba kweli gari hukosa nguvu: unapanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, unakanyaga mafuta, haliendi. Hilo hukulitaja. Kwanza kagua kama bomba linavuja karibu na sensa za oksijeni, zile zinazopima moshi, kisha chomoa kijiti cha oili uone kama oili imepungua. Prius za umri huo zinajulikana kwa kula oili, na oili ikiungua huacha fosforasi inayofunika madini yale. Likitetemeka asubuhi linapowaka na maji yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi, inayozuia maji yasiingie ndani ya injini. Ukifunga masega mapya bila kutibu chanzo, nayo yatakufa.

Kinachoniuma ni huu usemi kwamba masega ni ya Ulaya, huku kwetu yanabana injini tu. Niliwahi kuletewa yaliyokatwa, nikayamulika tochi: mwanga ulipita kila kitundu, kama sega lililokamuliwa asali. Yalikuwa mazima! Petroli yenye madini ya risasi iliyokuwa ikiyaua, nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo kisingizio cha mafuta yetu kuyaharibu nacho hakipo. Gari lisilo na masega hutoa kwa wingi kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na bomba la nyuma liko usawa wa uso wa mtoto anayesubiri kuvuka barabara. Tunaagiza magari ya haibridi tukitaka hewa safi, halafu tunayakata kile kinachoisafisha.

Wapo wanaokata, taa ikagoma kuzima, wakainyanyua sensa ya oksijeni ya nyuma kwa kipande cha chuma ili isihisi moshi vizuri. Kwa hiyo yeyote anayenunua gari mkononi mwa mtu, taa iliyozima isimtulize. Aingie chini. Akikuta bomba limechomelewa palipokuwa na mtungi, au sensa imesimama juu ya kipande hicho, atoe bei ya masega kwenye bei ya gari au aliache.