Mwenye mawazo haambiwi asiwaze

Msomaji ameniandikia: "Mwezi wa tatu huu nina mawazo, silali. Nimepimwa malaria na taifodi, hakuna kitu. Nikaenda kwa mshauri, kanisikiliza karibu saa nzima na hakunishauri chochote. Nauli yangu imekwenda bure."

Haikwenda bure. Jina la kazi yetu ndilo limempotosha. Tumeiita ushauri nasaha, maneno mawili ya maana moja, basi mtu anakwenda akingoja kuambiwa fanya hiki, acha kile. Maagizo ya namna hiyo ameshapewa na shangazi, jirani na msusi wake, na usingizi haukuja.

Kama unataka kuona kazi yenyewe ilivyo, tazama Harare, mji mkuu wa Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa Mbare, mtaa wa mji huo, akawafundisha kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati. Washona wa huko wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo". Utafiti wa watu 573 uliotoka 2016 ulikuta kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na wahudumu wa benchi walibaki na dalili za sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, kiasi cha 14 katika kila 100. Waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Wahudumu hao hawakuwa na shahada za saikolojia. Walikuwa na utaratibu, na unafanyika hata jikoni.

Tafuta daftari na mtu mmoja asiyetoa siri. Taja yote yanayokusumbua, yeye aandike bila kukatiza: kodi, ada, wifi, mguu wa mama. Kisha chagua moja tu, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanachagua kubwa kuliko yote, au linalongoja mtu mwingine abadilike. "Mume wangu aache pombe" haliko mkononi mwako. "Pesa ya chakula isipite mkononi mwake" linaweza kuwa. Lichague lililo karibu, hata kama ni dogo la kuchekesha.

Likishapatikana, andika njia tano za kulitatua bila kuzihukumu, hata ya kipuuzi iandikwe. Chagua moja na uikate mpaka iwe na siku, saa na mtu. "Nitaongea na mwenye nyumba" itaahirishwa mpaka mwisho wa mwezi. "Jumamosi saa nne asubuhi nampelekea nusu ya kodi na kumwomba wiki mbili" inatekelezeka. Mkutane tena baada ya wiki. Ikishindikana, msilaumiane, ama hatua ilikuwa kubwa, ama mlichagua tatizo la mtu mwingine. Benchi la Harare huenda hadi vikao sita, kila kimoja kama dakika 45.

Na nyinyi mnaosikiliza, hebu tusemane. Mtu hajamaliza sentensi ya tatu, tayari "kaza moyo", "wenzako wana makubwa zaidi", "mimi mwenyewe yalinikuta". Ukileta yako, umemnyang'anya kikao. Kaa kimya, rudia alichosema kwa maneno yako, uliza "halafu?" Kimya cha nusu dakika hakijaua mtu. Na siri aliyokupa isifike kwenye kikoba.

Daftari lina mipaka. Msiba mbichi hautatuliwi kwa njia tano. Huzuni au kutojali chochote kukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, nenda hospitali. Huenda wakakuuliza maswali tisa yanayojumlishwa kuanzia 0 hadi 27. Ukifikisha 10 watakuchunguza zaidi. Ukipewa dawa za sonona, nyingi huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha nafuu, wakati kinywa kukauka au kichefuchefu huja mapema. Wengi huzitupa wiki ya kwanza kwa sababu hiyo. Ukitaka kuacha, mwambie daktari akupunguzie taratibu.

Mtu akisema "bora nisingekuwepo", muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali halimpandikizii wazo; mara nyingi linampa nafasi ya kupumua. Akijibu ndiyo, asibaki peke yake. Sumu ya panya, dawa za shamba na vidonge vyote vitoke ndani ya nyumba saa ileile, kisha mfuatane naye mpaka hospitali, usiku au mchana.