Shangazi, nakopa kwa simu ili nitoe sadaka

"Bwana asifiwe, Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mikindani, Mombasa. Mume wangu ni kibarua kwenye yadi ya makontena. Tangu mwaka uanze anaitwa siku mbili kwa wiki, wiki nyingine haitwi kabisa. Mimi nauza viazi karai jioni. Kodi ya nyumba tunadaiwa miezi miwili, na mtoto wetu wa kidato cha pili amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nimekopa kwa simu mara tatu, mkopo mmoja nikiulipa kwa mwingine. Kinachoninyima usingizi ni kwamba sehemu ya pesa hizo naitia kwenye bahasha ya sadaka, maana mimi ni katibu wa akina mama kanisani, na niliahidi mbegu ya imani, yaani sadaka maalumu ya pesa, mbele ya watu. Kila Jumapili nasimama kushuhudia kwamba Mungu ametupa kila kitu. Kanisani hakuna anayejua. Anayetusaidia ni mwenye duka jirani, Muislamu, anatuandikia kwenye daftari, na hilo nalo linanitia haya. Nikisema shida yangu, si nitakuwa nimemwaibisha Mungu? Au imani yangu ndiyo haba? — Mama Anayengoja, Mikindani."

Asifiwe milele, mwanangu.

Imani yako si haba. Mwanamke anayesimama mbele ya karai la moto kila jioni, akijua kesho mwenye nyumba atabisha hodi, na Jumapili bado akaenda kuabudu, huyo hajamwacha Mungu. Shida yako ni kwamba umeaminishwa kuwa mwenye imani haonyeshi upungufu. Kwa hiyo umejifungia ndani na njaa yako, na kufuli hilo unaliita kumtegemea Bwana.

Fungua 2 Wafalme sura ya 4. Kuna mjane pale, mumewe alikuwa mcha Mungu, amekufa akaacha deni, na anayewadai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mama yule hakunyamaza. Alimlilia nabii Elisha, akataja deni, akataja watoto. Elisha akamuuliza ana nini nyumbani, akajibu hana kitu ila chupa ya mafuta. Kisha likaja lile ambalo wahubiri wengi hulipita mbio: aliambiwa aende kwa majirani zake wote akaombe vyombo vitupu, tena asiombe vichache. Hebu tia picha. Watoto wanaingia nyumba hii wanatoka na mtungi, wanaingia ile wanatoka na sufuria, na kila jirani anajua kwa mjane kuna jambo. Mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Angeona haya akagonga milango miwili tu, angepata mafuta ya milango miwili.

Mungu angeweza kuangusha fedha kwenye paja lake akiwa amefunga mlango. Lakini alimpitisha kwa majirani kwanza, na ndivyo anavyofanya mara nyingi katika Maandiko. Hata ile aya ambayo bila shaka unaijua kwa moyo, Wafilipi 4:19, kwamba Mungu wangu atawajazeni kila mnachokihitaji, Paulo aliiandika akiwa kifungoni, akiwashukuru Wafilipi kwa vitu walivyompelekea kwa mkono wa Epafrodito. Anawaambia waziwazi kwamba walifanya vema kushiriki naye katika dhiki yake. Anakumbusha kwamba hata alipokuwa Thesalonike walimletea msaada, wala si mara moja. Mtume mzima, na makanisa yalijua amepungukiwa. Hakumwaibisha Mungu hata kidogo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe umeuficha uchi wako mbele ya watu walewale ambao Mungu angewatuma.

Sasa mwenye duka. Unasema unaona haya kwa kuwa ni Muislamu. Mwanangu, njaa ilipoingia nchi ya Israeli siku za Eliya, nabii wa Bwana alilishwa na mjane wa Sarepta, nchi ya Sidoni, mtu wa taifa jingine. Yesu mwenyewe aliikumbusha habari hiyo pale Nazareti, Luka 4, akasema wajane walikuwa wengi Israeli lakini Eliya hakutumwa kwa mmoja wao, na watu wakakasirika. Sisi wa Mombasa hatuna sababu ya kukasirika, maana tumekula futari za jirani nao wamekula Krismasi zetu tangu utotoni. Jirani yako anapochukua kalamu, akaandika unga pakiti moja, mafuta ya kupima ya thelathini, sukari robo, kisha akafunga daftari bila kukuuliza utalipa lini, hiyo ndiyo riziki uliyoiomba asubuhi. Imepita kaunta yake. Mshukuru Mungu kwa ajili yake. Na umlipe, hata shilingi mia mia, kabla ya wengine, maana naye duka hajazi bure.

Nije kwenye sadaka, na hapa sitaremba maneno. Acha kukopa ili utoe. Acha wiki hii. Paulo alipowachangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu aliwaandikia kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Iko 2 Wakorintho 8:12, na aya inayofuata inasema hakutaka wengine wapate raha nao wapate dhiki. Pesa iliyokopwa kwa riba huku kodi inadaiwa ina wenyewe wanaoingoja, na mmoja wao ni mwanao aliyekaa nyumbani na sare imekunjwa.

Najua utanikumbusha mjane wa senti mbili. Alitoa alichokuwa nacho, mwanangu, hakwenda kukopa. Halafu rudi nyuma kidogo katika sura hiyohiyo ya Marko 12, uone Yesu alivyowasema waandishi wanaokula nyumba za wajane. Alilisema hilo kwanza, kisha ndipo akakaa kuelekea sanduku la hazina.

Ile ahadi ya mbegu, nenda kwa mchungaji wako faraghani umwambie uliahidi zaidi ya uwezo. Mchungaji anayekupenda atakufungua siku hiyohiyo na pengine atauliza watoto wamekula nini. Akikutisha kwa laana, basi amekuonyesha alivyo, na mimi ningeanza kumwomba Mungu anielekeze mahali pengine pa kuabudu. Linaniuma jambo hili kwa sababu barua za namna yako naziona mara kwa mara, na karibu zote zimeandikwa na wanawake wanaolala njaa ili bahasha isionekane nyepesi.

Kuhusu ushuhuda wa Jumapili, sikuamrishi usimame ujianike mbele ya kanisa zima. Kaa tu. Ukipewa nafasi, soma Zaburi ya 142, ambayo Daudi anamimina malalamiko yake mbele za Mungu, ukae. Nina hakika kuna mama kwenye benchi la nyuma anayesikiliza shuhuda zako na kudhani ni yeye peke yake aliyeachwa.

Na sasa mambo ya mkononi. Kwanza, mumeo. Hukuandika kama anajua habari za mikopo ya simu, na kunyamaza kwako kumeniambia. Mwambie leo usiku watoto wakilala. Chukueni karatasi moja, muandike kila deni na mwenyewe, la simu, la nyumba, la duka, la shule. Kibarua asiyeitwa kazini ana aibu yake anayoibeba kimya, na mkikaa wawili mbele ya karatasi hiyo huenda mkaoneana huruma kuliko mlivyooneana tangu Januari.

Mkopo wa nne usichukue. Ukihofia kwamba watakupigia watu wako simu wakuaibishe, ujue kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kukutisha, kukutukana, au kuwaandikia watu walio kwenye orodha ya namba zako. Benki Kuu hutangaza orodha ya waliopewa leseni, hivyo angalia kama wako wamo. Wapigie wewe kwanza, uombe kulipa kidogo kidogo, na kila ujumbe wa vitisho uuhifadhi. Deni utalilipa, lakini heshima yako hukuiweka rehani.

Mwenye nyumba naye mfuate kabla hajaja. Peleka chochote mkononi. Shuleni nendeni wawili, baba na mama, mwombe mwalimu mkuu mtoto arudi darasani mkilipa kwa awamu, na mkiwa hapo muulize fomu za basari zinatoka lini na barua gani inatakiwa kutoka kwa chifu. Watoto wengi hukosa basari kwa sababu wazazi walisikia habari zake tarehe ikiwa imepita.

Kisha jiulize lile swali la Elisha: una nini nyumbani? Wewe una karai, na una mkono wa kupika. Kanisa lenu lina mikutano, lina makesha, lina harusi, na kila mara kuna mtu anayetumwa kununua vitafunio mahali. Kwa nini asije kwako? Ila hataji jina lako kama hajui unahitaji kazi. Wewe ni katibu, ratiba ya mwaka mzima iko kwenye daftari lako mwenyewe.

Wa kumwambia kanisani, chagua mama mmoja mtu mzima. Usimchague anayekuletea siri za wengine, maana zako atazipeleka. Mchague yule ambaye hujawahi kusikia kwake habari ya mtu. Mwambie mambo kwa majina na kwa hesabu: karo imebaki kiasi hiki, kodi kiasi hiki, natafuta kazi ya kupika. Kanisa la kwanza liliteua watu saba wasimamie huduma ya kila siku ili wajane wasisahauliwe, Matendo 6, kwa hiyo hujaomba hisani ngeni, umeomba kanisa lifanye kazi yake. Na mama huyo akikwambia, "Haya, tutakuombea," akaishia hapo, mwombe kwa upole msome pamoja Yakobo 2:15 na 16, panaposema haifai kumwambia mwenye njaa aende akashibe bila kumpa kitu, kisha umtajie tena kiasi cha karo.