Nisome udaktari au niolewe? Jibu kwa binti wa Lamu

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Maalim.

Mimi ni msichana wa miaka 19, mwenyeji wa Lamu, mtaa wa Langoni. Nilipata A- katika mtihani wa KCSE, na KUCCPS, wanaowapangia wanafunzi vyuo, wamenipangia udaktari katika chuo kikuu Nairobi. Masomo ni miaka sita, kisha mwaka mmoja wa kuwa mwanagenzi hospitalini. Baba amefurahi mno, ameshawaeleza hata wazee wenzake barazani. Mimi mwenyewe mara nautaka udaktari, mara nahisi nautaka kwa sababu yeye anautaka. Nilikuwa na fikra ya kusomea uafisa wa kliniki KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, huku huku Pwani, miaka mitatu niwe nimemaliza.

La pili ni zito zaidi. Kuna kijana wa Mkomani, ana dini, anafanya kazi bandarini. Tumekuwa tukizungumza kwa simu yapata miaka miwili, na hatujawahi kukaa faragha. Anataka kunioa. Anasema hatanikataza kusoma, ila mama yake hapendi mke wa mwanawe akae Nairobi, kwa hivyo ananiomba nichukue KMTC. Baba hajui lolote, mama anajua nusu. Nyanya anasema mshika mawili moja humponyoka. Nimeswali istikhara, swala ya kumwomba Allah anichagulie lenye kheri, nikamwota yule kijana amevaa kanzu nyeupe, amesimama mlangoni kwetu. Je, hilo ndilo jibu? Nikiichelewesha ndoa napata dhambi? Tena, inajuzu kuwatibu wanaume, na kuchukua mkopo wa wanafunzi wa HELB? Nijibu kama mwanao.

JIBU

Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillahi Rabbil-aalamin, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Binti yangu, naanza na istikhara, kwa kuwa naona mzigo wote umeutua hapo. Jabir bin Abdillah, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea kwamba Mtume ﷺ alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani. Akasema: mmoja wenu anapokusudia jambo, na aswali rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, kisha aombe. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari, na ukiisoma mwanzo hadi mwisho hukuti ndoto ndani yake. Kilichomo ni dua: ikiwa jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, nikadirie na unifanyie wepesi, na ikiwa ni shari, liepushe nami, uniepushe nalo, unikadirie kheri popote ilipo kisha uniridhishe nayo. Ukishaomba unashika njia, unaendelea na shughuli yako, na Mola ndiye anayefungua au kufunga.

Ndoto njema ni bishara na hatuikatai. Lakini msichana aliyezungumza na mtu kwa miaka miwili, akalala akiwa na simu chini ya mto, kumwota mtu huyo si ajabu. Al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani alitahadharisha jambo hili hili: moyo uliokuwa na matamanio makubwa juu ya kitu kabla ya istikhara, mtu asiutegemee baada ya istikhara. Halafu jiulize uliomba juu ya jambo gani. Katika barua yako naona mambo matatu yamefungwa pamoja, udaktari, KMTC na kijana, na la kijana halijafika mahali pa kuamuliwa. Hakuna aliyekuja kwenu. Posa haijaletwa, walii wako, yaani baba yako mwenye mamlaka ya kukuoza, hajui, hujamkubali mtu wala hujamkataa. Ungewezaje kuliamua?

Hapa ndipo penye uzito wa jibu langu, nawe naomba usipapite haraka.

Nenda kwenye Surat Al-Qasas, uanze aya ya 23. Musa, amani iwe juu yake, amefika Madyan hana kitu, amewanyweshea wanyama wasichana wawili kisha akarudi kivulini. Mmoja wao akamjia akitembea kwa haya, ana ujumbe wa baba yake. Mzee alipokwisha kusikia habari za Musa, binti akasema mbele yake: ewe baba yangu, muajiri huyu, hakika mbora wa kumuajiri ni mwenye nguvu na mwaminifu. (Wafasiri wametofautiana kama mzee yule ni Nabii Shuaib, nasi hatuna haja ya kuliamua hilo hapa.) Binti yule alikuwa na haya, na haya yake haikumzuia kumweleza baba sifa alizoziona. Naye baba hakumfokea. Alimgeukia Musa: nataka kukuoza mmoja wa mabinti zangu hawa, kwa sharti unitumikie miaka minane, na ukitimiza kumi ni hiari yako. Musa akajibu: hayo ni baina yangu na wewe, na Allah ni Mlinzi juu ya haya tuyasemayo.

Angalia yaliyomo katika aya hizo chache. Binti amesema, baba amesikiliza, mwanamume amesimama mbele ya walii, na miaka imetajwa kwa hesabu. Kazi na ndoa vimezungumzwa katika kikao kimoja. Kwako wewe kila kitu kipo nusu: kijana ameahidi kwa simu, mama yake amesema kupitia kwake, mama yako anajua nusu, baba anajua chuo tu. Hata KMTC, ambayo ni njia nzuri, umeombwa uichague kwa maneno ya mama wa mtu ambaye bado si mchumba wako. Kwa hivyo mweleze mama yako yote, umwombe amfikishie baba kwa wakati na lugha anayoijua yeye. Kisha mwambie kijana neno moja la mwisho: lete wazee. Baada ya hapo simu ikatwe. Sauti ya mwanamke kwa kauli sahihi ya madhehebu yetu si aura (kitu kinachopasa kusitiriwa), lakini mazungumzo ya kuliwazana usiku kati ya wasiohalalishiana yanaingia katika lile tuliloambiwa tusilikaribie katika Surat Al-Israa, aya ya 32. Umeniambia hamjakaa faragha, nami nakusadiki na nakupongeza. Ila miaka miwili ya gumzo ni ukaribu, na ukiuacha kwa ajili ya Allah umetubu, hakuna tena la kujitesea.

Na hata posa ikiletwa na kukubaliwa, mchumba ni ajnabi, mtu wa kando kwako, mpaka siku ya nikaha. Hili watu wa mjini kwetu wanalijua na wanalisahau.

Sasa udaktari. Imam Shafi amepokewa akisema kwamba baada ya elimu ya halali na haramu haijui elimu tukufu kuliko tiba, na alisikitika Waislamu walivyoipoteza. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, ameihesabu tiba kuwa fardhi kifaya na akalaumu kwamba kuna miji isiyo na tabibu Muislamu ilhali watu wanasongamana katika fiqhi. Fardhi kifaya maana yake ni kwamba asipopatikana wa kuitekeleza, sote tuna dhambi, mimi ninayekuandikia na baba yako na wazee wa barazani.

Nakwambia kwa nini hili linanigusa. Mama mmoja wa makamo kutoka upande wa Pate aliletwa kwangu na mwanawe baada ya alasiri. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, buibui amelibana kifuani kwa mkono, hasemi. Mwana ndiye aliyeuliza: mama ana uvimbe kwenye titi, inafaa daktari mwanamume amtazame? Nikamjibu inafaa, kwa kuwa ni haja, mtu wake akiwepo, na kwa kiasi kinachohitajika. Ndipo yule mama akauliza kwa sauti ndogo kama hakuna mwanamke. Uvimbe ule alikuwa nao tangu kabla ya Ramadhani iliyopita. Alikuwa ameusitiri akimngoja daktari wa kike, na katika visiwa vyetu unaweza kungoja sana. Fiqhi inasema mwanamke atibiwe na mwanamke Muislamu kwanza, akikosekana ndipo tushuke daraja kwa daraja. Tunaisomesha hukumu hii darasani kila mwaka, kisha mabinti wetu wenye alama za kuitekeleza tunawaambia Nairobi ni mbali.

Kwa hivyo usinielewe kwamba nakwambia umtii baba tu. Nia ya kumfurahisha mzazi ni ibada, ila miaka sita ni mingi kwa mtu anayesomea moyo wa mwingine. Allah amemwamrisha Mtume wake katika Aal Imran, aya ya 159, ashauriane na watu, kisha akiazimia ategemee. Basi shauriana na wanaoijua kazi. Mwombe baba akupeleke kwa daktari wa kike, ukae naye, umuulize usiku wa zamu ukoje, ameolewa vipi, amezaa lini. Muulize pia juu ya ajira, asikufiche: mgomo wa madaktari wa mwaka 2024 ulichukua siku 56, na suala la madaktari wanagenzi lilikuwa kiini chake. Kisha zungumza na afisa wa kliniki anayehudumu zahanati ya kisiwani. Naye anatekeleza fardhi ile ile, na watu wengi wa visiwani huonana naye kabla hawajamwona daktari. Ukiichagua KMTC kwa sababu unaipenda kazi hiyo, nakubarikia. Ila kama moyo unataka siku moja uwe bingwa wa magonjwa ya wanawake, njia yake inapita kwenye ile shahada uliyopangiwa, na nafasi hiyo haimfikii kila mtu. Ukishashauriana ndipo uswali istikhara juu ya jambo moja, ulitaje.

Je, kuchelewesha ndoa ni dhambi? Kwa asili si dhambi. Ndoa ni sunna kwa mwenye haja nayo, na Mtume ﷺ amewahimiza vijana wenye uwezo waoe, na asiyeweza afunge saumu. Anayechelea kutumbukia katika haramu hukumu yake inakaza, na hilo unalijua wewe na Mola wako. Kwa hali uliyonieleza sikupendelei uchumba wa miaka saba, kwani huo ni mtihani kwenu wote wawili. Wala si lazima uchague moja kati ya mawili, ingawa nyanya amesema kwa uzoefu wake. Inajuzu nikaha kufungwa, mkakubaliana kwamba miaka ya chuo utakaa Nairobi na likizo utakuwa kwake.

Lakini sikiliza vizuri, maana wengi wamelia hapa. Mtume ﷺ amesema sharti zinazostahiki zaidi kutekelezwa ni zile za ndoa. Pamoja na hadithi hiyo, katika madhehebu yetu ya Shafi sharti kama la mume kutomhamisha mke mjini kwake halimfungi: nikaha inasihi, sharti linaanguka. Mahanbali ndio wanaolishikilia na kumpa mke haki ya kudai ndoa ivunjwe likikiukwa. Kwa hivyo ahadi ya "sitakukataza" iliyosemwa kwenye simu haitakusaidia siku ya ugomvi. Itamkwe mbele ya walii na wazee wa pande zote, iandikwe, itiwe saini na mashahidi, na mumuulize Kadhi wa Lamu kabla ya siku ya nikaha namna ya kuiweka, kwa kuwa mbele yake ndipo kesi za ndoa za Waislamu hupelekwa. Wazee waulizwe pia juu ya nafaqa, yaani matumizi ya mke. Kwetu inamlazimu mume pale mke anapojitoa kwake, na usipokuwa nyumbani kwake mnahitaji kuelewana nani analipa chakula na kodi.

Hofu ya mama wa kijana usiidharau. Safari ya mwanamke bila mahram, yaani jamaa wa kiume asiyeweza kumuoa, ni suala zito, na kutoka Lamu ni kuvuka hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, bado Nairobi. Baba au kaka akusindikize kwenda na kurudi, ukae na jamaa au na wasichana wa Kiislamu wenye staha. Akiyasikia hayo kutoka kwa mamako, mama kwa mama, huenda akalegea.

Kuwatibu wanaume kunajuzu kwa haja. Rubayyi' bint Muawwidh, sahaba wa kike, amesimulia kwamba walikuwa vitani pamoja na Mtume ﷺ wakiwanywesha watu maji na kuwatibu majeruhi. Tazama na gusa kwa kiasi cha haja, na usifunge mlango mkiwa wawili. Mkopo wa HELB unatoza asilimia 4 kwa mwaka, na riba ndogo ni riba. Anza na basari ya kaunti na ya eneo bunge, na umwombe baba aongee na jamaa. Milango yote ikifungwa, niulizeni tena kabla ya kutia saini.

Namuomba Allah akufungulie lenye kheri na akuridhishe nalo. Wazee wa kijana wakija na baba akiridhia, nileteeni maneno ya hati kabla hayajaandikwa, niyapitie pamoja na walii wako. Wakichelewa kuja bila ya udhuru, usimngoje mtu. Nenda kajisajili chuoni.

Wallahu aalam.