Lantana kwenye michikichi: wadudu au mbuzi?
Ndugu yangu wa Uvinza, umeuliza kama uagize wadudu wa kula lantana, gugu la kichaka lililovamia michikichi yako michanga, au ufungulie mbuzi tu. Mbuzi usithubutu: lantana ni sumu, inaharibu ini. Wadudu nao haletewi mkulima mmoja. Wataalamu huwapima kwanza wasije wakahamia mazao. Visiwani Hawaii walianza kuwaachia wadudu hao mwaka 1902, na lantana bado ipo. Ng'oa sasa ardhi ikiwa na unyevu, mzizi utoke wote, kabla vitunda havijawa vyeusi, maana ndege huvisambaza. Kisha panda pueraria, jamii ya kunde inayotambaa, katikati ya mistari. Magugu yatakosa mwanga. Ila zungushia kila mche duara safi, na ulirudie mara kwa mara. Ukizembea, pueraria itaupanda mche hadi kwenye kuti changa.